TREKTA KUUKUU: PIMA HAIDROLIKI KABLA YA KUTAJA BEI

Mnunuzi wa trekta ya mtumba aghalabu husikiliza injini, akatazama matairi, kisha akatoa fedha. Mikono ya nyuma inayonyanyua plau haiulizi. Msimu ukianza ndipo anagundua kuwa plau halipandi. Tuseme trekta yake hulima ekari 8 kwa siku: siku 3 za kumngoja fundi ni ekari 24 ambazo wateja watampa mwingine, na mvua haimsubiri mtu.

Wiki hii tuichukue Massey Ferguson 135, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960 na ambayo bado inabadilishana mikono. Pampu yake ya haidroliki haionekani kwa nje. Imo ndani ya bodi, chini ya kiti, imezama katika oili ileile ya gia boksi, na inazungushwa na shafti ya PTO.  Kwa trekta nyingi za aina hii, klachi ikikanyagwa hadi mwisho pampu husimama. 

Kwanza tazama oili. Ikipungua, pampu hunyonya hewa na mikono hupanda kwa kusitasita. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliochanika kwenye lever ya gia trekta ikilala mvuani. Kumwaga oili, kusafisha chujio na kujaza upya ni gharama ndogo kuliko kufungua bodi, na ndiyo ya kuanzia.

Sasa jaribio lenyewe. Usikubali kuonyeshwa mikono mitupu ikipanda, kwani hata pampu iliyochoka huinua mikono mitupu. Fungeni plau au mzigo mzito. Endesheni trekta kwa muda hadi oili ipate moto, kisha mnyanyue. Muuzaji anayesisitiza ujaribu asubuhi injini ikiwa baridi huenda ana sababu yake: oili baridi ni nzito na huficha uvujaji, ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya penye uchakavu. Trekta inayonyanyua asubuhi na kugoma saa sita ina pampu iliyolika au sili zinazovujisha.

Mzigo ukiwa juu, zima injini. Kushuka polepole kwa muda mrefu si ajabu kwa trekta ya umri huo. Kushuka papo hapo maana yake presha inatoroka, ama kwenye sili ya pistoni ya silinda, ama kwenye vali, ama kwenye mpira wa bomba linalopandisha oili kutoka kwenye pampu. Injini ikiwa inanguruma, uvujaji huohuo huifanya mikono itikise kichwa: inashuka kidogo, vali inahisi, pampu inairudisha, inashuka tena.

Tofauti ya makosa haya ni fedha. Sili na mipira ni spea za bei nafuu, lakini kuzifikia ni kazi ya fundi kufungua kifuniko kizito cha juu. Pampu ni bei nyingine kabisa. Fundi mzuri hufungua kwanza kifuniko cha ubavuni, akamulika kwa tochi huku mzigo umenyanyuliwa, akaona oili inachuruzika wapi. Asiingize mkono: mle shafti inazunguka, na oili ya presha hupenya ngozi, jeraha ambalo huhitaji upasuaji. Wala mtu asikae chini ya plau lililoshikwa na haidroliki pekee.

Gharama ya fundi, spea na oili iandikeni kabla ya kupatana, kisha iondolewe kwenye bei. Muuzaji akisema ni "sili tu", mwombe aibadilishe yeye, nanyi mrudi kujaribu oili ikiwa moto.