Fanksheni ya Mshale Haina this Yake

Chukua kibanda cha mama mboga wa Dandora Phase 4, ukiandike kwa JavaScript:

```
const kibanda = {
  mtaa: "Dandora Phase 4",
  bidhaa: ["sukuma", "nyanya"],
  onyesha() {
    this.bidhaa.forEach(function (b) {
      console.log(b, this.mtaa);
    });
  }
};
```

Ukiita `kibanda.onyesha()` kwenye kivinjari, unatarajia kila bidhaa itokee na mtaa wake. Kinachotoka ni "sukuma undefined", kisha "nyanya undefined". Mtaa umepotelea wapi?

Tuanzie chini kabisa. Jina la kawaida hutafutwa kufuatana na mahali lilipoandikwa: kwanza ndani ya fanksheni, na lisipopatikana humo, nje yake, hatua kwa hatua. Ndani ya fanksheni ya kawaida, `this` haifuati njia hiyo. Thamani yake huamuliwa fanksheni inapoitwa, kulingana na jinsi ilivyoitwa. Katika `kibanda.onyesha()`, kushoto mwa nukta kipo `kibanda`, basi `this` ni `kibanda`. Lakini ile fanksheni ya ndani hukuiita wewe. Imeitwa na `forEach`, bila objekti yoyote kushoto kwake, kwa hiyo `this` yake inaangukia `window`, ambayo haina mtaa. Ukitumia `"use strict"`, `this` inakuwa `undefined` na programu inasimama kwa kosa.

Kwa miaka mingi waandishi wa programu walijitibu kwa kuandika `var self = this`, kisha wakatumia `self` ndani. Dawa hiyo ilifaa kwa sababu `self` ni jina la kawaida, hutafutwa kufuatana na lilipoandikwa. ES2015, toleo la JavaScript la Juni 2015, likaleta njia ya kupata matokeo hayo bila kuhangaika na `self`.

Badilisha `function (b)` iwe `(b) =>`. Hii ndiyo fanksheni ya mshale, nayo haina `this` yake. Ikikuta neno hilo hulitafuta nje kama jina lingine lolote, na nje yake ipo `onyesha`, ambayo `this` yake ni `kibanda`. Sasa inatoka "sukuma Dandora Phase 4". Na kwa kuwa haina `this` yake, `call`, `apply` na `bind` haziwezi kuibadilishia.

Jaribu sasa kuigeuza `onyesha` yenyewe kuwa `() =>`. Ukiiita, kosa linatokea papo hapo, kwa sababu mabano ya objekti si fanksheni, hayatoi `this`. Mshale unakipita `kibanda` na kutafuta nje, ambako hakuna `bidhaa`.

Wanaojifunza hushauriwa mno kukariri haya. Afadhali kuuliza. Ukiona `function`, uliza imeitwaje. Ukiona mshale, uliza umeandikwa ndani ya nini.