Somo: Kurekebisha Mchanganyiko wa Mafuta katika Injini Ndogo ya Mipigo Miwili

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kutofautisha mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi;
(b) kukokotoa uwiano wa petroli na oili, na wa hewa na petroli;
(c) kueleza hatua za kurekebisha kabureta kwa usalama.

1. Utangulizi

Ukisimama gatini Kilwa Masoko utaona boti zinazovuka kwenda Kilwa Kisiwani zikiwa na injini zilizofungwa nyuma. Miongoni mwa injini hizo zipo za mipigo miwili. Kanuni yake ni ile ile ya msumeno wa mnyororo, na ya injini ndogo za magari ya kuchezea yanayoongozwa kwa redio.

Katika injini ya namna hii, mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenkishafti, ndipo upande kwenye silinda. Kwa hiyo chumba hicho hakiwezi kuhifadhi oili kama ilivyo kwenye injini ya gari. Oili huchanganywa ndani ya petroli, na hulainisha pistoni, ringi na beringi inapopita.

Kumbuka: injini hii ikikosa petroli, imekosa oili pia.

2. Aina mbili za uwiano

Usichanganye uwiano huu miwili. Mtihani hupenda kuuliza hapa.

Uwiano wa kwanza ni wa petroli na oili. Huupima mwenyewe kwenye dumu. Injini nyingi za boti za mipigo miwili hutumia 50:1 kwa ujazo, lakini fuata kitabu cha injini yako.

Mfano wa 1. Lita 20 za petroli kwa uwiano wa 50:1 zinahitaji oili kiasi gani?
20 ÷ 50 = lita 0.4, yaani mililita 400.

Uwiano wa pili ni wa hewa na petroli. Huu hupangwa na kabureta. Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Kwa hesabu tunatumia oktani:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Mfano wa 2. Gramu 228 za oktani (2 × 114) huhitaji gramu 800 za oksijeni (25 × 32). Hewa ina oksijeni takriban asilimia 23 kwa uzito. Hivyo hewa inayohitajika ni 800 ÷ 0.23, takriban gramu 3,478. Gawanya kwa 228: uwiano ni takriban 15:1.

Petroli ikizidi kipimo hicho, mchanganyiko ni mzito. Ikipungua, mchanganyiko ni mwepesi.

3. Dalili

Mchanganyiko mzito: moshi mwingi, nguvu kidogo, plagi nyeusi yenye unyevu.

Mchanganyiko mwepesi: mlio hupanda na kushuka wenyewe, injini husita au huzima ukipiga resi ghafla, hupata joto kupita kiasi, plagi huwa nyeupe.

Mchanganyiko unaofaa: injini hupokea resi bila kusita, na plagi ina rangi ya hudhurungi.

Angalizo: sikio hudanganya. Ukipunguza petroli kidogo kidogo, mlio huchangamka na mzunguko hupanda, nawe hudhani umepatia. Ukiendelea, pistoni hupata joto, hutanuka, na oili inayoilainisha imepungua. Mwisho hubana kwenye silinda, na mafundi husema injini imenoki. Mchanganyiko mzito huchafua plagi, nayo husafishwa. Mchanganyiko mwepesi huua pistoni, na pengine mkiwa njiani kwenda Songosongo, kusi likivuma.

4. Hatua za kurekebisha

i. Funga boti imara, sehemu ya chini ya injini ikiwa majini. Usiiwashe nchi kavu bila maji ya kuipoza.
ii. Hakikisha petroli haina maji wala uchafu, na plagi ni safi.
iii. Injini ikiwa imezimwa, kaza taratibu skrubu ya mwendo wa chini mpaka iguse tu, huku ukihesabu mizunguko na kuiandika. Kisha ifungue kwa idadi iliyomo kwenye kitabu.
iv. Washa, acha ipate joto kwa dakika chache. Hakikisha maji ya kupoza yanatoka.
v. Geuza skrubu robo mzunguko, subiri injini itulie, sikiliza. Katika baadhi ya kabureta skrubu hupitisha mafuta, katika nyingine hupitisha hewa. Kwa hiyo kukaza kunaweza kupunguza petroli au kuiongeza. Thibitisha kwanza.
vi. Anzia upande mzito ukielekea mwepesi. Mlio ukifika juu kabisa, rudi kidogo upande mzito, uishie hapo.
vii. Jaribu boti ikiwa na mzigo. Zima, acha injini ipoe, kisha kagua plagi.

Skrubu hii hutawala mwendo wa chini tu. Katika mwendo wa kasi petroli hupita kwenye jeti kuu, tundu dogo sana linaloweza kuzibwa na uchafu wa dumu.

5. Maswali ya kujipima

1. Kokotoa oili inayohitajika kwa lita 30 za petroli kwa uwiano wa 50:1.
2. Injini hutulia vizuri bila gia, lakini katika mwendo wa kasi hupoteza nguvu na plagi ni nyeupe. Je, skrubu ya mwendo wa chini itatatua tatizo?
3. Nahodha anaongeza oili kwenye tenki akisema mchanganyiko utakuwa mzito. Eleza kosa lake.

Majibu

1. 30 ÷ 50 = lita 0.6, yaani mililita 600.
2. Hapana. Petroli ni pungufu katika mwendo wa kasi. Kagua jeti kuu, kichujio na njia ya mafuta. Punguza mwendo mara moja ukiona dalili hizi baharini.
3. Uzito wa mchanganyiko hupimwa kwa petroli dhidi ya hewa. Oili ikizidi huchukua nafasi ya petroli, hivyo mchanganyiko huwa mwepesi zaidi, na plagi huchafuka.