Silinda Kwanza, Pistoni Baadaye

Ukifika Gerezani pale Dar es Salaam ukasema unatafuta pistoni za Land Rover ya petroli, muuza spea hatakuuliza gari ni la mwaka gani. Atakuuliza, "Saizi gani?" Ukibabaika atakupa alizonazo, na alizonazo mara nyingi ni zile zilizokaa rafuni mpaka boksi limebadilika rangi. Nimeandika makala hii ili umjibu kwa namba.

Gari langu ni 109 Series III, injini ya petroli ya lita 2.25. Ni injini ya mwaka 1958, iliyokuja na Series II, na Rover hawakuiacha mpaka katikati ya miaka ya 1980. Ina silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47, na pistoni hupanda na kushuka milimita 88.9. Mwaka 1980 krankishafti yake iliongezewa beringi, kutoka tatu hadi tano, lakini hilo halibadilishi nitakayoyasema. La muhimu ni kwamba bloku yake ni chuma cha kusubu na silinda zimechongwa humohumo ndani ya bloku. Hakuna laina ya kuchomoa na kutupa. Kila ukichonga, umeondoa chuma ambacho hakirudi.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni wa pistoni kweli. Moshi wa buluu na oili inayopotea vinaweza kutoka juu, kwenye gaidi za valvu zilizolika, na watu wengi wamefumua injini nzima kwa tatizo ambalo lingeishia kwenye silinda hedi. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, pima kompresheni. Kisha mimina kijiko cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu na upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo kati ya ringi na ukuta, kwa hiyo kazi iko chini. Ikibaki palepale, angalia valvu.

Walio bara juu wazingatie jambo moja. Namba za kitabu ni za mtu aliye karibu na usawa wa bahari. Arusha, kwenye mita kama 1,400, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa Tanga, na Nairobi ni pungufu zaidi. Geji itasoma chini hata kwa injini nzima kabisa. Linganisha silinda na silinda: tatu zikiwa sawa na ya nne imeachwa mbali, hapo una habari.

Sasa hedi imetoka. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, karibu na mdomo wake wa juu. Kama injini imetembea sana utakwama kwenye ngazi ndogo. Juu ya ngazi hiyo ringi haifiki, kwa hiyo ukuta umebaki na kipimo chake cha zamani. Chini yake tu ndipo ringi ya kwanza hugeuka, mahali penye moto mwingi na oili kidogo, na hapo ndipo ukuta unapolika kuliko kwingine kote. Ndiyo maana venia haifai kwa kazi hii. Taya zake zinagusa mdomo wa silinda, nawe unaondoka na kipimo kizuri cha sehemu isiyotumika. Tafuta boa geji na maikromita, au mpelekee bloku mwenye navyo. Pima juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili: kufuata urefu wa injini, kisha kuikata. Kwa kuwa pistoni husukumwa upande mmoja zaidi ya mwingine, silinda iliyochoka si duara tena.

Hesabu inayofuata ndiyo inayowapiga chenga watu wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Kwenye bloku yangu silinda mbaya kuliko zote ilikuwa imelika milimita 0.20. Saizi za pistoni za injini hii huenda kwa inchi: 010, 020, 030 na 040, yaani sehemu kumi za elfu ya inchi, ishirini, na kuendelea. Saizi ya 010 huongeza kipenyo kwa milimita 0.254. Mtu akitazama haraka atasema 0.254 ni kubwa kuliko 0.20, basi 010 inatosha. Haitoshi. Ile 0.20 imeliwa karibu yote upande mmoja wa ukuta, na mchongaji hana ruhusa ya kuifuata huko, kwa sababu kitovu cha silinda lazima kibaki juu ya mstari wa krankishafti. Ili kisu kifike mwisho wa shimo upande ule, kitapaswa kula kiasi kilekile upande wa pili, hata kama upande huo ni mzima. Kwa hiyo 0.20 inakuwa 0.40 kwenye kipenyo. Saizi inayoweza kumeza 0.40 ni 020, ambayo ni milimita 0.508, na inabaki kama 0.1 ya kisu kusafisha na mawe kumalizia. Silinda nyingine tatu zingeweza kuishi na 010, lakini zote nne huchongwa saizi moja, vinginevyo unaunda injini yenye pistoni za uzito tofauti.

Kanuni yangu basi ni saizi ndogo kuliko zote itakayosafisha silinda mbaya kuliko zote. Kuna wanaopenda kurukia 040 moja kwa moja, "injini ipate nguvu." Tupige hesabu. Kutoka 90.47 kwenda 91.49, ujazo unapanda kutoka 2,286 hadi kama 2,338. Ni sentimita 52, kidogo zaidi ya asilimia mbili. Ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo hutaisikia. Ulichotoa badala yake ni kuchongwa kote ambako bloku ingevumilia siku zijazo, maana baada ya 040 kwa kawaida kinachobaki ni kuingiza silivu. Silivu si dhambi. Silinda moja ikiwa na mchubuko mzito kwa pini iliyotoka, unaweza kuiwekea hiyo peke yake silivu na kuichonga ilingane na wenzake. Ila ni gharama, na inataka mchongaji anayejua kukaza silivu bila kuipasua bloku.

Wenye Peugeot 504 wanaweza kuruka nusu ya haya. Injini ile ina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja; unanunua seti ya pistoni, ringi na laina zake, unatoa za zamani, unaweka mpya. Hangaiko lao ni jingine: muhuri wa chini ya laina, na kimo ambacho laina huchomoza juu ya uso wa bloku, ambacho ukikikosea gasketi ya hedi haitadumu. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 linastahili makala yake.

Turudi dukani. Sisi tumelelewa na magari ya Kijapani, na saizi zake ni za milimita: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Fundi akisema "hamsini" kila mtu anaelewa. Ukija na injini ya Kiingereza, "ishirini" yako ni 0.508, na muuzaji atakwambia hiyo ndiyo hamsini tu, ni kitu kilekile. Kwa mazungumzo, sawa. Kwa kuchonga, sivyo. Tofauti inakua unavyopanda: 040 ni 1.016, wakati saizi ya milimita ni 1.00 kamili. Sehemu kumi na sita za elfu ya milimita, yaani 0.016, inaonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba nafasi yote kati ya pistoni ya kusubu ya ukubwa huu na ukuta wake ni kama 0.05. Umekosea karibu theluthi ya nafasi yote kwa kukubali neno la kaunta.

Mtego wa pili ni wa Land Rover yenyewe. Injini ya dizeli ya 2.25 ina kipenyo kilekile na mwendo uleule na ya petroli. Pistoni ya dizeli itapita kwenye venia bila shida. Itazame juu: ya dizeli ina umbo lililochimbwa kwa ajili ya uchomaji wake. Nenda dukani na pistoni yako ya zamani mkononi, hata kama imechubuka, uziweke sambamba. Linganisha uso wa juu, kipenyo cha pini, upana wa mifereji ya ringi na, zaidi ya vyote, kimo kutoka katikati ya pini hadi juu. Kimo hicho kikizidi, pistoni inakaribia hedi. Kikipungua, mgandamizo umeshuka na hakuna kabureta itakayokurudishia. Rover waliiuza injini hii kwa mgandamizo wa 7:1 na wa 8:1, na tofauti kubwa iko kwenye hedi. Anayekuuzia "pistoni za kuongeza mgandamizo" mwombe akuonyeshe kwa kipimo ni nini kimeongezeka.

Kuhusu aina ya chuma sina maneno mengi. Pistoni za alumini zilizosubiwa ndizo zilizotoka na injini hii, na kwa injini isiyozunguka sana ndizo ninazonunua. Za kufuliwa kwa nyundo ya mashine ni ngumu zaidi, ni kweli, lakini hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huwekewa nafasi kubwa, na asubuhi injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga. Waachie wenye mbio. Kati yake kuna za alumini iliyoongezewa silikoni kupita asilimia 12, ambazo hutanuka kidogo. Zikipatikana kwa saizi yako na bei haikuumizi, chukua.

Jina la boksi lina uzito wake, ila boksi ni karatasi na karatasi huchapishwa popote. Ninachofungua kwanza ni pistoni yenyewe: je, saizi imegongwa juu yake na inalingana na ya boksi? Upande wa mbele umewekewa alama? Mifereji ya ringi ni laini bila vinyweleo vya chuma? Pini inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, pistoni ikiwa na joto la chumba, bila kulegea? Klipu za pini zipo nane? Kisha naomba mizani ya gramu, ile ya jikoni inatosha, nazipima zote nne. Zikitofautiana gramu mbili tatu, fundi mzuri atazisawazisha kwa kukwangua kidogo upande wa ndani. Zikitofautiana kumi, zimekusanywa kutoka seti mbalimbali, nami naziacha hapohapo.

Ukishazipata ndipo uende kuchonga, si kabla. Unga Limited, Arusha, nilimkuta kijana amemletea mchongaji bloku ya pick-up.

"Shikamoo mzee. Nataka uchonge hamsini."

"Marahaba, mwanangu. Pistoni ziko wapi?"

"Nitanunua ukishamaliza."

"Basi kazilete, bloku iache hapo."

Mzee hakuwa na maringo. Pistoni iliyoandikwa 020 haina kipenyo cha silinda ya 020; tayari imepunguzwa ile nafasi yake, na kila kiwanda hupunguza kwa kipimo chake. Mchongaji huipima pistoni kwenye sketi, kwa pembe mraba na pini, kwa sababu pistoni imechongwa yai kidogo na ni nyembamba juu kuliko chini, ili ikipata moto ndipo ikae duara. Kisha huongeza nafasi iliyoandikwa kwenye kikaratasi ndani ya boksi, na hiyo ndiyo inakuwa silinda yako. Kikaratasi hicho usikitupe. Mwombe aziandike pistoni namba moja hadi nne na kila moja aichongee nyumba yake.

Bloku ikirudi, tazama mistari iliyoachwa na mawe ya kuhoni: inapaswa kukatana kwa mshazari pande zote za ukuta. Ukuta unaong'aa kama kioo hautashika oili. Ioshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Petroli peke yake hueneza unga wa mawe badala ya kuuondoa. Pitisha kitambaa cheupe chenye oili, urudie mpaka kitoke cheupe, kisha paka oili mara moja kabla kutu haijaanza.

Ringi usizivalishe moja kwa moja. Weka kila moja ndani ya silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima pengo la ncha kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 90, pengo la karibu 0.4 ni la kawaida, ila kipimo cha kufuata ni cha kikaratasi. Likiwa dogo, piga tupa ncha moja taratibu, ukisugua kuelekea ndani. Pengo dogo mno hufunga kabisa injini ikichemka, na ringi iliyofunga huvunja mfereji wake. Maandishi ya TOP yatazame juu, mapengo yasipangwe mstari mmoja.

Siku ya kuwasha, hakikisha presha ya oili imepanda kabla ya kuweka plagi. Ikishawaka usiiache ikinguruma yadini nusu saa huku mkipongezana. Ringi hukaa kwa mgandamizo, na mgandamizo huja na mzigo. Ingia barabarani, kaza mwendo kiasi, achia, kaza tena, bila kuikamua. Oili ya kwanza imwage mapema, baada ya kilomita mia chache, na uichuje kwenye kitambaa uone imebeba nini.