Kutafuta kisogo: ultrasaundi katika chumba cha leba

Uchungu ukikwama, kabla hujatundika dripu ya oksitosini na kabla hujaita watu wa tieta, jua kisogo cha mtoto kimeelekea wapi. Mtoto ambaye kisogo chake kiko mbele, chini ya mfupa wa kinena cha mama, hupita kwa kipimo kidogo cha kichwa. Aliyegeuza kisogo nyuma, uso ukitazama tumbo la mama, huja na kipimo kikubwa zaidi. Mama huumwa sana kiuno, hutamani kusukuma kabla ya wakati, na saa zinapita njia haiongezeki.

Mkunga hujua haya kwa kupapasa tumbo na kupima njia, akifuata kwa vidole mishono ya fuvu hadi utosi. Mikono hiyo haina mbadala, na hata penye mashine nzuri ndiyo inayotangulia. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekwama ndiye anayeota kaputi, ule uvimbe wa ngozi ya kichwa, na ndiye ambaye mifupa ya fuvu lake imepandana. Mishono inapotea, utosi haupatikani, na kichwa kinaonekana kimeshuka kumbe kilichoshuka ni uvimbe. Vidole vinakosea pale vinapohitajika zaidi. Utafiti mmoja wa Ireland uliochapishwa mwaka 2014 uliwaangalia akina mama waliokuwa karibu kuzalishwa kwa vakyumu au koleo. Kwa vidole pekee, mkao wa kichwa ulikosewa kwa takriban mama mmoja kati ya watano. Ultrasaundi ilipoongezwa, makosa yalishuka chini ya wawili katika kila mia.

Kazi huanza kwa mama mwenyewe. Aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa huharibu picha na huzuia kichwa kushuka. Mwambie unachofanya kwa maneno mepesi: "Mama, naomba nitazame mtoto amelalaje. Hiki kifaa kinakaa nje tu, hakiingii ndani." Sentensi hiyo ya pili ina uzito kwa mtu aliyekwisha kupimwa njia mara kadhaa. Alale chali akiwa ameinuliwa kidogo mgongo na kuelemea kushoto, magoti yamekunjwa, shuka juu yake. Usimlaze chali kabisa kwa muda mrefu, kwani uzito wa mimba hukandamiza mishipa mikubwa ya damu.

Tumia probu ya tumboni, ile yenye uso wa duara. Kabla ya yote gusa ukingo wake kwa kidole uone upande upi wa skrini unatikisika. Ukiruka hatua hii unaweza kusema kushoto mahali pa kulia, na kosa hilo litakufuata hadi mwisho. Weka probu kwa mlalo tumboni, utafute uti wa mgongo wa mtoto na upande ulipo. Kisha teremka polepole mpaka juu tu ya mfupa wa kinena. Usiridhike na mgongo peke yake, kwa sababu kichwa kinaweza kuwa kimegeukia kwingine.

Chini hapo unatafuta kitu kimoja kati ya vitatu. Ukiona matundu mawili ya macho yakikutazama, kisogo kiko nyuma. Ukiona mstari wa katikati ya ubongo umelala kutoka upande hadi upande, kichwa kiko ubavuni. Ukiona mfupa wa kisogo ukiungana na pingili za shingo, kisogo kiko mbele. Wengi huandika jibu kwa uso wa saa: kisogo kikiwa karibu na namba 12 kiko mbele, kwenye 3 au 9 kiko ubavuni, na kati ya 4 na 8 kiko nyuma. Kichwa kikiwa kimezama sana nyongani, picha ya tumboni hufifia. Hapo uhamie chini.

Kwa picha ya chini, paka jeli kwenye probu, ivishe glavu safi, ondoa mapovu ya hewa, kisha paka jeli tena juu ya glavu. Iweke kwa wima kati ya mashavu ya uke, chini ya kinena. Utaona mfupa wa kinena kama umbo refu la yai, na ng'ambo yake upinde mweupe wa fuvu. Chora mstari kupitia urefu wa mfupa huo. Kutoka ncha yake ya chini chora mwingine unaogusa ukingo wa fuvu. Pembe kati ya mistari hiyo ndiyo pembe ya ushukaji. Nyuzi 116 hivi zinalingana na stesheni sifuri, yaani kichwa kimefika usawa wa miiba ya nyonga. Kuanzia nyuzi 120, matumaini ya kuzaa kwa njia ya kawaida ni makubwa. Pima mama akiwa ametulia, halafu akisukuma. Pembe ikipanuka na kichwa kikaelekea juu, hiyo ni habari njema sana.

Mashine yako isipokuwa na kipimo cha pembe, geuza probu kwa mlalo kwenye msamba, ibonyeze kwa upole hadi ikatae, upime umbali wa kufika kwenye mfupa wa fuvu. Milimita 35 hadi 38 hivi ndiyo stesheni sifuri. Pima hadi kwenye mfupa, usiishie kwenye kaputi.

Sasa linakuja jambo linalonihangaisha kuliko ufundi wenyewe. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015 uliongeza ultrasaundi ya mkao kwa akina mama waliokuwa kwenye uchungu bila kungoja tatizo, na waliopimwa hivyo wakaishia kuzalishwa kwa upasuaji na kwa vyombo zaidi ya wenzao. Sababu naiona hivi: ukishajua kisogo kiko nyuma mapema, mikono inakuwasha uingilie kati. Ilhali wengi wa watoto wanaoanza uchungu wakiwa hivyo hugeuka wenyewe kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo uchungu unaokwenda vizuri usiupekue. Mashine iletwe pale maendeleo yanaposimama, pale vidole vya watu wawili havikubaliani, na kila mara kabla ya vakyumu.

Ukikuta kisogo nyuma, mama ana nguvu na mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri, mpe muda. Atembee, apige magoti na kuinamia mbele, alale ubavu, anywe. Rudia picha baadaye. Kugeuza kichwa kwa mkono kufanywe na aliyefunzwa. Vakyumu ingoje mpaka njia imefunguka yote, kichwa hakishikiki tumboni zaidi ya moja ya tano, na kisogo kinajulikana bila shaka, kwa sababu kikombe kinatakiwa kukaa juu ya mshono wa kati, kitovu chake sentimita 3 mbele ya utosi wa nyuma. Kisogo kikiwa nyuma, sehemu hiyo iko mbali ndani na kikombe huwekwa vibaya kwa urahisi. Na kichwa kikibaki juu wakati kaputi inakua, acha kusubiri, andaa rufaa.

Kwa pacha wa pili kifaa hiki kina thamani ya pekee. Wa kwanza akishatoka, weka probu tumboni mara moja ujue wa pili ametanguliza kichwa, matako, au amelala mkingamo, na uone moyo wake ukipiga. Ndiyo maana mashine ikae imechajiwa ndani ya leba, isifungiwe ofisini. Glavu hutupwa, na probu hufutwa kwa dawa kila baada ya mama mmoja.

Fomu ya kufuatilia uchungu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ina mstari wa mkao wa kichwa: A ni kisogo mbele, P nyuma, T ubavuni, na hizi mbili za mwisho ni za tahadhari. Jaza hapo ulichoona na saa uliyokiona. Mama akienda rufaa, andika kwenye barua mkao, pembe au umbali, ukubwa wa kaputi, na kama kichwa kilisogea aliposukuma, kisha upige simu ili anayempokea ayajue gari likiwa bado njiani.