Somo la Robo Hii: Kompyuta Mpya Inayojizima na Kuwaka Yenyewe



Somo la safari hii ni la ofisini. Tangu Microsoft ilipositisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, baadhi ya ofisi zimelazimika kubadilisha kompyuta zao za zamani, na si zote zinazonunua mashine iliyokwisha kufungwa kiwandani. Nyingine humpa fundi fedha anunue vipuri kimoja kimoja na kuviunganisha. Njia hii ina faida zake, kwa kuwa kipuri kikiharibika hubadilishwa peke yake na maisha yakaendelea. Lakini ina ugonjwa wake pia. Kompyuta inafika, inawaka vizuri, Baba Paroko anaibariki, na kabla wiki haijaisha katibu analalamika kwamba inajizima na kuwaka upya katikati ya kazi bila kuguswa na mtu.

Hapo maneno huanza. Mmoja anasema fundi ameweka vipuri vya mtumba. Mwingine anasema ni virusi, katibu amechomeka flashi ya watoto wake. Wa tatu anataka wafadhili waandikiwe barua waombwe kompyuta nyingine. Na wapo wanaosema, nusu utani nusu kweli, kwamba mashine ina pepo. Kubariki vitendea kazi ni jambo jema, ila soketi iliyolegea hubaki imelegea hata baada ya baraka.

Kamati haihitaji kuwa na mafundi ndani yake ili ilishughulikie tatizo hili vizuri. Inahitaji daftari, subira, na ukali kidogo juu ya jambo moja: kisibadilishwe kitu cha pili kabla matokeo ya cha kwanza hayajajulikana.

Kwanza okoeni kazi iliyomo

Kompyuta inayozimika ghafla inaweza kuharibu faili lililokuwa wazi wakati huo, na mara nyingi faili hilo ni lile la hesabu. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, nakilini kazi zote kwenye flashi na kwenye diski ya nje, kisha mfungue nakala hizo kwenye kompyuta nyingine mhakikishe zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa msiihesabu.

Kuhusu ubatizo, ndoa na marehemu, kamati ikumbuke kwamba Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vyake. Kompyuta inatusaidia kutafuta majina haraka, lakini kitabu kiendelee kuandikwa kwa wino.

Fundi akija na neno la kwanza likawa “tupige Windows upya”, mwombeni asubiri. Mashine hii ni mpya na Windows yake ni mpya. Kuipiga tena mara chache huponya tatizo la aina hii, na huweza kufuta kazi ya miezi. Tena kama mashine inajizima kila baada ya nusu saa, itajizima hata katikati ya kupiga Windows.

Daftari la katibu

Chukueni daftari la kawaida la shule. Kila kompyuta inapojizima, katibu aandike tarehe, saa, kazi aliyokuwa akifanya, skrini ilionyesha nini, na kifaa gani kingine kilikuwa kikitumia umeme ndani ya jengo. Aandike pia kama taa zilififia. Ni dakika moja tu.

Tuchukue mfano wa ofisi moja ya parokia. Fundi alikuwa ameshakuja mara mbili na kubadilisha kumbukumbu, yaani ramu, bila mafanikio. Wajumbe wawili walikuwa wameanza kusema waziwazi kwamba ameila fedha ya mradi. Daftari lilipofikia siku ya kumi na mbili, mweka hazina alilisoma mwanzo hadi mwisho akaona kwamba karibu kila mara mashine ilizimika sekunde chache baada ya kuamuru kuchapa. Hapakuwa na siku hata moja ilipozimika wakati printa imechomolewa. Wakafuata waya. Printa ya leza ilikuwa imechomekwa kwenye UPS ileile iliyobeba kompyuta.

Printa ya leza hupasha joto ndani yake ili unga wa wino ushike kwenye karatasi, na inapoanza kupasha huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida haibebi zaidi ya wati 400 hivi. Ikizidiwa, inachoka kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha. Printa ilihamishiwa kwenye soketi ya ukutani, tatizo likaisha. Haikutumika hata shilingi moja, na fundi hakuwa mwizi.

Anzeni nje, ndipo mwingie ndani

Mfano huo unaonyesha kwa nini tunashauri kuanza na umeme wa jengo kabla ya kufungua kasha. Umeme wetu wa hezi 50 hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachobadili umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kompyuta, inatakiwa kustahimili ukatikaji wa milisekunde 16 hivi. Kwa lugha nyepesi, umeme ukikatika kwa muda usiotosha hata taa kuonekana imezimika, kompyuta inaweza kuwaka upya huku balbu ikiendelea kama kawaida. Ndiyo maana tunasikia mara kwa mara “lakini umeme haukukatika”.

Kuna jaribio moja rahisi kuliko yote, na ajabu ni kwamba hulioni likifanywa. Hamisheni kompyuta nzima kwa siku mbili au tatu kwenye jengo jingine, kwa mfano nyumba ya mapadre au shule, itumike kule kwa kazi ileile. Ikitulia, mashine haina hatia; mwiteni fundi umeme. Aangalie soketi, waya wa ardhi, na kama ofisi inashirikiana njia moja na pampu ya maji, friji au mashine ya fotokopi. Ekstensheni inayoingia kwenye ekstensheni nyingine iondolewe, hata kama imefungwa vizuri kwa gundi nyeusi.

Jaribuni pia UPS. Pigeni kompyuta kwa njia ya moja kwa moja ukutani kwa siku moja bila UPS. UPS yenye betri iliyokufa hutulia kimya miezi mingi, na siku umeme unapoyumba inamwangusha aliyeiegemea.

Ndani ya kasha

Kama mashine inaendelea kujizima hata kwenye jengo jingine, sasa ifunguliwe. Izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na fundi aguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika vipuri. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na mtu yeyote. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata ikiwa imechomolewa.

Mashine iliyounganishwa kwa mkono ina makosa yake ya kawaida ambayo ya kiwandani hayana sana. Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, hukaa juu ya vijiti vidogo vya shaba. Kijiti kimoja kikiwekwa mahali pasipo na tundu la skrubu, hugusa ubao kwa nyuma na kuleta shoti inayokuja na kuondoka kadiri kasha linavyopata joto au kutikiswa. Waya wa umeme wa prosesa, wenye pini nne au nane karibu na ukingo wa juu wa ubao, mara nyingine huwa umeingia nusu. Mashine itawaka vizuri, na itaanguka siku kazi inapokuwa nzito.

Kisha kuna kitufe cha kuanzishia upya kilicho mbele ya kasha, na hiki wengi hukisahau. Kikikwama, au waya wake ukichubuka, kompyuta hutii amri ambayo hakuna mtu aliyeitoa. Uchomoeni waya huo kwenye ubao mama, mwendelee na kazi bila hicho kitufe. Hakihitajiki.

Joto nalo liangaliwe. Juu ya prosesa hukaa feni na bamba la kupoza, na kati yao huwa na pesti ya kupitisha joto. Wapo waliosahau kubandua karatasi ya plastiki iliyofunika bamba likiwa jipya, na wapo ambao mguu mmoja kati ya minne ya feni haukubana. Mkiingia kwenye BIOS mtaona nyuzi za joto. Mashine ikiwa imetulia na inasoma nyuzi 80, kuna kasoro. Prosesa za siku hizi hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na joto likizidi kupanda hujizima. Kwa hiyo mashine inayopunguza kasi kwanza, kisha kuzimika jua la saa nane, ina dalili za joto. Inayokatika ghafla hata asubuhi na mapema ina dalili za umeme.

Pawa saplai ya bei poa ndiyo mshtakiwa tunayemshuku zaidi, na hapa tunasema wazi: kamati nyingi hubana matumizi mahali pasipofaa. Kompyuta ya kuandika barua na kupiga hesabu, isiyo na kadi kubwa ya picha, mara nyingi haifikii hata wati 150. Basi msihangaike na kisanduku kilichoandikwa wati 600 ilhali ni chepesi kama boksi tupu la viatu. Afadhali cha wati 400 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, chenye dhamana ya maandishi. Fundi akipima kwa maltimita, waya wa volti 12 unatakiwa kusoma kati ya 11.4 na 12.6, na wa volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma nje ya hapo, kisanduku kibadilishwe. Ikisoma ndani ya hapo, bado hakijasafishwa, kwa sababu maltimita haioni mdondoko wa kufumba na kufumbua. Kipimo cha kweli ni kuazima pawa saplai nzima kutoka kompyuta nyingine, kuifunga, na kungoja.

Kumbukumbu, na kile Windows inachoficha

Windows imepangwa kujiwasha upya yenyewe inapopata hitilafu kubwa, kwa hiyo ile skrini yenye maelezo ya kosa hupita kabla hamjaisoma. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andikeni sysdm.cpl, mwende kwenye ukurasa wa “Advanced”, kisha mipangilio ya “Startup and Recovery”, na mwondoe tiki kwenye “Automatically restart”. Tangu hapo, kama kosa ni la programu au la kumbukumbu, skrini itabaki na ujumbe wake na katibu ataunakili kwenye daftari. Kama mashine bado inakatika bila kuonyesha chochote, Windows haikuhusika. Rudini kwenye umeme.

Kuna na kumbukumbu ya matukio, inayofunguliwa kwa eventvwr.msc. Humo mtakuta andiko la Kernel-Power namba 41. Fundi asiwatishe nalo. Linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa.

Ramu hupimwa kwa programu ya bure ya MemTest86, iachwe ifanye kazi usiku kucha. Hata kosa moja halikubaliki. Kama kuna vijiti viwili vya ramu, tumieni kimoja kimoja ili kijulikane kipi ni kibovu. Aidha, fundi aulizwe kama aliwasha mpangilio wa XMP, unaoikimbiza ramu kuliko kasi yake ya kawaida. Kwa ofisi ya parokia hauna faida inayoonekana, uzimwe.

Kungoja kwa kipimo

Baada ya kila badiliko, ngojeni. Muda wa kungoja hutoka kwenye daftari. Mashine iliyokuwa ikijizima mara tatu kwa siku, ikitulia siku tatu, kuna matumaini. Iliyokuwa ikijizima mara moja kwa wiki, siku tatu za utulivu hazithibitishi kitu. Wekeni angalau wiki tatu kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho. Makubaliano hayo yaandikwe tangu mwanzo, pamoja na risiti ya kila kipuri na muda wa dhamana yake, ili kipuri kibovu kirudishwe dukani kabla dhamana haijaisha.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja katika bajeti za vifaa vya ofisi. Fungu la kompyuta liwe pia na fungu la UPS, pawa saplai nzuri na ukaguzi wa nyaya za jengo. Na taarifa ya mradi ikieleza kwamba kompyuta ilisumbua mwezi wa kwanza, iambatane na nakala ya kurasa za daftari la katibu.