Kufundisha Usugu wa Vimelea vya Malaria: Kisa cha Mkuzi na Zoezi la Maharage

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tulihudhuria somo la sayansi ambamo mwanachuo aliandika ubaoni: "Dawa hushindwa kwa sababu mwili huizoea." Wanafunzi wakanakili. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono, akasema kwamba ndiyo maana bibi yake huacha vidonge mara homa inapotulia, ili mwili usije ukazoea. Mwanachuo akampongeza kwa mfano mzuri.

Kosa hilo si dogo. Sentensi moja isiyo sahihi imehalalisha kitendo cha hatari, na mtoto amekibeba hadi nyumbani akiwa na muhuri wa mwalimu. Makala haya yanaeleza namna ya kulifundisha jambo hili ipasavyo katika darasa la sita, ambako wanafunzi wameanza kubalehe, hujimezea dawa wenyewe, na mara nyingi huachiwa kuwauguza wadogo zao.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Kinachobadilika si mwili wa mgonjwa, bali ni umati wa vimelea. Wala kimelea hakijifunzi kuishinda dawa. Miongoni mwa vimelea vingi huweza kutokea vichache vyenye tofauti ya kimaumbile inayovikinga. Dawa ikiua vingine na kuviacha hivyo, ndivyo vitakavyozaana na kuenezwa na mbu.

Mfano bora tunao hapa hapa mkoani Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Dkt. David Clyde, mtaalamu wa malaria katika Tanganyika, alifanya jaribio katika kijiji cha Mkuzi, wilayani Muheza. Wanakijiji walipewa pirimethamini mara moja kila mwezi ili kuwakinga na malaria. Haikuchukua mwaka kabla dawa haijaanza kushindwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na baadaye usugu ulionekana katika vijiji vya jirani pia. Wanakijiji hawakukosea kitu, walimeza walichopewa. Ila kipimo kimoja kwa mwezi kiliacha siku nyingi ambazo dawa ilikuwa haba katika damu, na vimelea sugu vikapata nafasi.

Kisa hicho hakikuishia hapo. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini, iliyokuwa imeshindwa, ikachukua SP. Ndani ya SP mna pirimethamini ile ile ya Mkuzi, ikiwa imechanganywa na dawa nyingine. Utafiti uliofanywa mkoani Tanga mwaka 2006 ulionyesha kwamba, kwa takriban watoto 8 katika kila 10 waliotibiwa kwa SP, matibabu yalishindwa ndani ya siku 28. Mwaka huo huo wa 2006 dawa ya mseto, ALu, ilishika nafasi yake. Nayo yataka kulindwa: mwaka 2024 watafiti walichapisha ushahidi kutoka mkoani Kagera wa vimelea vinavyochelewa kuuawa na artemisinini, ambayo ni sehemu ya mseto huo.

Zoezi la maharage

Zana ni maharage meupe 38, mekundu 8 (2 ya kuanzia na 6 ya kuongezea), na bakuli moja kwa kila kikundi. Meupe ni vimelea vinavyouawa na dawa. Mekundu ni vimelea sugu.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi wahesabu. Mekundu ni 2 kati ya 40, yaani 1/20.

Hatua ya pili: Mgonjwa ameza dawa kisha aiacha njiani. Ondoeni meupe 30. Yamebaki meupe 8 na mekundu 2. Vimelea vyazaana: kila harage liongezewe mwenzake wa rangi yake. Sasa ni meupe 16 na mekundu 4. Mekundu yamekuwa 1/5.

Hatua ya tatu: Homa yarudi, dawa yamezwa tena nusunusu. Ondoeni meupe 12, kisha ongezeni maradufu kama awali. Ni meupe 8 na mekundu 8. Mekundu yamefikia 1/2.

Hapo mwalimu anyamaze kidogo, kisha aulize: "Je, kuna harage lolote jeupe lililogeuka kuwa jekundu?" Wanafunzi watazame bakuli na kujibu wenyewe kwamba hakuna. Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika somo. Mwanafunzi aliyeona kwamba harage halikugeuka rangi hatasema tena kwamba mwili umezoea.

Tahadhari

Zoezi ni mfano tu. Katika mwili, kinga ya mgonjwa nayo hupambana na vimelea, na usugu huweza kuenea hata pale watu wanapofuata maagizo. Mwalimu aseme hivyo waziwazi.

Pili, asiwaulize watoto nani kwao hakumaliza dawa. Huenda mama aligawa dozi moja kwa watoto wawili kwa kukosa fedha; kumwaibisha mwanawe mbele ya darasa ni kumfunga mdomo. Yatosha kulitaja kanuni: baada ya kupimwa, ALu humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula, hata kama homa imetulia. Dozi ya mtu haigawanywi, wala vidonge havihifadhiwi kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Hitimisho

Kupima mafanikio ya somo, mwalimu ampe kila mwanafunzi swali hili: "Bibi anasema ataacha vidonge leo ili mwili usizoee. Utamweleza nini, kwa heshima?" Jibu lenye maharage ndani yake litatuonyesha kwamba somo limefika. Nasi tulimrudisha yule mwanachuo darasani juma lililofuata, akaifuta sentensi yake mbele ya wanafunzi wale wale. Kukiri kosa mbele ya darasa nako ni sehemu ya kufundisha sayansi.