MASHINE YA KUSAGA KAHAWA: JIBU MASWALI HAYA 5 KABLA HUJATOA HELA

Mimi napika kahawa nyumbani, naijaza kwenye chupa za chai na kwenda kuiuza asubuhi. Swali ninaloulizwa sana na wanaotaka kuanza ni hili: "Ninunue mashine gani ya kusagia?" Jibu langu huwa ni moja: niambie kwanza unapika vipi, na lita ngapi kwa siku. Bei inakuja baadaye.

Somo la leo ni refu kidogo, lakini litakuokolea mtaji.

1. UNAPIKA KWA NJIA GANI?

Kama unauza kahawa chungu ya kuchemsha kwenye birika, unga unatakiwa uwe laini sana, na unachemka na maji muda mrefu. Hapo kinu na mchi, au mashine ndogo ya kisu, vinatosha. Ongeza chekecheke zuri tu, chenga zinazobaki juu unazirudisha kwenye kinu. Usikope hela ya mashine kubwa kwa kazi hii.

Kama unachuja kwa karatasi, saga saizi ya kati, kama mchanga. Jagi la kubonyeza linataka chenga kubwa zaidi. Kwa njia hizi mbili, usagaji ndio unaoamua ladha.

2. NI YA KISU AU YA MENO?

Hapa ndipo wengi wanapigwa.

Mashine ya kisu inakatakata kama blenda. Punje nyingine zinakuwa vumbi, nyingine zinabaki vipande. Ukimimina maji, vumbi linatoa uchungu uliopitiliza, vipande vinatoa uchachu na wepesi. Vyote vinaingia kikombe kimoja. Leo mteja anakusifia, kesho anakuambia kahawa yako imebadilika, wakati umenunua kahawa ileile kwa muuzaji yuleyule.

Mashine ya meno ina sehemu mbili zenye meno, na punje inapita katikati. Ukisogeza meno karibu unapata unga laini, ukiyaachanisha unapata chenga kubwa. Punje zinatoka zinalingana, na ladha ya Jumatatu inafanana na ya Ijumaa. Mteja anarudi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo usidanganyike na wati nyingi wala kelele. Uliza: "Ina meno au kisu?"

3. LITA NGAPI KWA SIKU?

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita 1 ya maji. Chupa ya lita 3 inataka gramu 180. Mashine nyingi za mkono zinabeba gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Maana yake utajaza na kuzungusha mara 6 au zaidi kwa chupa moja, tena alfajiri! Kwa kunywa na familia, ya mkono yenye meno ni nzuri sana, na umeme ukikatika haikuachi. Kwa chupa mbili tatu za biashara, tafuta ya umeme.

4. ITARUDISHA HELA YAKE LINI?

Tuseme mashine ni shilingi 150,000, na kila kikombe kinakuachia faida ya shilingi 200. Hapo unahitaji kuuza vikombe 750. Ukiuza vikombe 30 kwa siku, ni siku 25 za kazi. Weka namba zako mwenyewe. Ukiona inafika miezi minane, anza na ndogo, biashara ikikua utapanda. Mtaji ukiulaza wote kwenye mashine, kahawa, sukari na mkaa utanunua na nini?

5. UMEIJARIBU?

Nenda dukani na punje zako kiganjani. Omba zisagwe, mwaga unga kwenye karatasi nyeupe, usambaze kwa kidole. Ukiona vumbi na vipande vimechanganyika, asante, kwaheri. Tikisa mhimili wa meno. Ukichezacheza sana, hautasaga sawa. Uliza kama meno ya akiba yanapatikana.

Ukinunua mtumba, soma kibandiko cha umeme. Marekani wanatumia volti 120, Japani 100, sisi Tanzania 230. Ukiichomeka hivihivi bila transfoma, umeiunguza siku hiyohiyo.

UKISHANUNUA

• Chambua kahawa yako kwanza. Kijiwe kimoja kinaweza kuvunja meno ya kauri au kuharibu ya chuma.
• Hiliki na tangawizi saga pembeni. Harufu inang'ang'ania, na mteja anayetaka kahawa tupu atalalamika.
• Safisha kwa brashi kavu. Meno ya chuma ukiyaosha na kuyaacha na maji, yanashika kutu.
• Saga ya siku hiyo tu. Kahawa iliyosagwa inapoteza harufu haraka kuliko punje nzima, na harufu ndiyo inayomvuta mteja wa kwanza.

Jamani, mteja hataiona mashine yako. Anachokijua ni kikombe alichokishika. Nunua kinachokifanya kikombe hicho kiwe kilekile kila siku.

Mtumie mwenzako anayetaka kuanza biashara ya kahawa. Kazi njema!